Wasanii wa Mwanza hawajahama wote, we ndo hujafika Mlango Mmoja

Swali la leo ni la mwalimu mmoja, dada aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Kaandika hivi: "Shikamoo kaka. Nina miezi minne Mwanza, nakaa Buzuruga. Tanga nilikuwa najua kila kona yenye muziki, mpaka vikundi ambavyo havijawahi kupigwa redioni. Huku kila ninayemuuliza ananiambia wasanii wote walishakimbilia Dar, waliobaki ni madijei wa baa. Nataka kuwajua wanaojitegemea, wasio na lebo wala meneja. Naanzia wapi? Na mwanamke peke yangu usiku naenda wapi?"

Marahaba mdogo wangu, karibu Mwanza na pole na vumbi la Buzuruga. Mi ni fundi sauti, mwaka wa 15 huu nakaa nyuma ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, nimefunga spika kwenye harusi, mikutano ya injili, kampeni, misiba, mashindano ya ngoma, na shoo za Bongo Fleva ambazo promota alitoroka kabla msanii wa mwisho hajapanda. Kuimba nilijaribu zamani nikaambiwa nirudi kwenye nyaya. Kwaiyo ntakachokwambia nimekiona mwenyewe nikiwa pale nyuma.

Hao waliokwambia wasanii wamehama hawajadanganya sana. Fid Q ni mtoto wa huku na kila mtu anajua, ila jina limekuzwa Dar kama wengine wote, mana redio kubwa, tivii, mabosi wa matangazo na mapromota wapo kule, na kijana wa Igoma akiona ngoma yake imeanza kushika kidogo tu cha kwanza anatafuta nauli. Hiyo ipo na haitaisha kesho. Ila ona kosa lao lilipo. Ukimuuliza mtu wa Mwanza "wasanii wako wapi", kichwani kwake msanii ni kijana anayeimba Kiswahili, mwenye video na cheni shingoni. Mjomba wake anayeimba Kisukuma kwenye harusi kila wikiendi hamhesabu kabisa, na huyo mjomba hana lebo, hana meneja, Dar hajawahi kukanyaga, na nyumba kashaezeka. Sasa we si umesema unataka wanaojitegemea?

Ndo mana nakwambia anzia soko la Mlango Mmoja. Najua watu wanaenda pale kwa ajili ya mitumba, we zipite nguo uende kwa wale vijana wenye kompyuta na sabufa wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kibanda chenyewe upana wake ni meza moja, kompyuta imefunikwa kitenge sababu ya vumbi, kwenye kibodi herufi nusu zimeshafutika. Mteja anafika anasema "nijazie" basi, hasemi nini, na kijana anamtupia jicho mara moja, viatu, koti, mzigo, anajua huyu anarudi kisiwani, huyu anaenda machimbo Geita, huyu ni bodaboda wa hapahapa. Anafungua folda, anagonga wimbo sekunde kama kumi hivi, mteja akitikisa kichwa unaingia, akikaa kimya unarukwa. Nimekaa pale siku moja nasubiri nyaya zangu zichomelewe jirani nikaona kazi nzima, wimbo unahukumiwa kwa sekunde kumi na mtu mwenye ndoo ya mafuta mkononi na haisi inapiga honi inamsubiri.

Na usidhani hao ni watu wachache. Mvuvi anayeenda kukaa kambini kisiwani wiki tatu hawezi kutegemea bando, mtandao wenyewe kule unakuja na kuondoka kama upepo, kwaiyo muziki wake wote wa hizo wiki ni ile kadi moja aliyojaziwa kabla hajapanda boti. Mchimbaji hivyohivyo. Kwaiyo yule kijana wa kibandani ana chati ya wiki kichwani mwake kuliko app yoyote unayoijua. Ila ujue kumuuliza. Ukimwambia "nitajie wasanii wa Mwanza" atakutajia wa Dar ili akuridhishe, anakuona ticha mgeni. Muulize "wiki hii wavuvi wanataka nani", hapo utaona anavuta stuli.

Alafu omba akufungulie folda la Kisukuma uangalie majina ya nyimbo yenyewe. Utakuta jina la mwimbaji, linafuatiwa na harusi ya fulani au kwa fulani, jina la studio, na mara nyingi namba ya simu. Hiyo namba sio pambo, ndo ofisi yake. Ukienda YouTube kwenye video za hao watu utaikuta tena imekatiza chini ya skrini mwanzo mpaka mwisho, na wengine wanaiimba kabisa ndani ya wimbo. Biashara yao iko hivi: anaalikwa na mtu mwenye sherehe, wanaelewana bei na usafiri, anatunga wimbo au anaurekebisha aliokuwa nao kwa ajili ya familia ile, siku yenyewe anaimba na watu wanamtunza, alafu ule wimbo unarekodiwa na unakuwa tangazo la mwaliko unaofuata. Kwake wimbo ni kipeperushi, hela iko kwenye mwaliko. Ndo mana hata ukimwambia nyimbo zako zinajazwa Mlango Mmoja bure hashtuki kama anavyoshtuka wa Bongo Fleva, wengine flashi wanaipeleka wenyewe. Wengine wanaumia lakini, wapo, nisiseme wote wanafurahia, kwaiyo kile kibanda kikuonyeshe njia tu, kumlipa mwimbaji utamlipa kwa njia nyingine ntakayokwambia.

Kuna siku nilifunga mitambo harusi moja huko Misungwi, mi na ujana wangu wa mjini nimefungulia besi mpaka sufuria zinatetemeka jikoni, najiona fundi. Yule mwimbaji, mzee wa makamo kavaa suti ya kahawia, akaja pole pole mpaka kwenye mikisa akaniinamia sikioni, "Fundi, punguza hiyo besi, watu wanataka kusikia majina yao." Nikapunguza. Basi akaanza, anamtaja baba mwenye nyumba, anamtaja babu yake, anataja ng'ombe, anataja mto wanakonyweshea, anamtaja shangazi aliyetoka Kwimba na mabegi matatu, na kila anayetajwa anainuka na noti mkononi anacheza mpaka mbele kutunza, mwingine kasahau hata kiatu kimoja. Toka siku ile kwenye kazi za Kisukuma sauti ya mtu naiweka juu ya kila kitu, na besi naifungulia mwisho kabisa watu wakishalewa.

Utaniambia Kisukuma sijui. Sawa, mi mwenyewe sio kwamba ninakijua chote. Ila kumbuka Saida Karoli wa Kagera hapo ng'ambo ya ziwa, Maria Salome ya mwaka 2001 nchi nzima iliimba na Kihaya hakuna aliyekuwa anaelewa, na miaka 15 baadae Diamond na Rayvanny wakaurudia wakaupa jina Salome watu wakacheza upya. Sasa we una bahati kuliko sisi, uko shuleni, darasa lako limejaa watoto ambao bibi zao ni mkalimani wa bure. Chukua mstari mmoja kila siku, muulize hata mlinzi wa shule. Na neno "wabeja" la kushukuru liwe mdomoni muda wote, linafungua milango kuliko hela.

Kama unataka kuona hiki kitu kilikotoka, subiri mwezi wa sita uende Bujora, Kisesa. Ni upande huohuo wa kwako, barabara ya Musoma, kama kilomita 20 hivi ukitokea mjini. Pale kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri mmoja Mkanada, David Clement, aliyefika miaka ya 1950 akaipenda ngoma mpaka akaiingiza kanisani. Sherehe inaitwa Bulabo, yaani maua, inaangukia kipindi cha sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Kuna kambi mbili za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, ugomvi wao unaanzia karne ya 19 kwa waganga wawili waliokuwa mahasimu wa ngoma, Ngika na Gumha, na mpaka leo mtu anazaliwa upande wake kama mtoto wa Simba na Yanga. Utaratibu wa mashindano ndo mtamu sasa: vikundi viwili vinacheza muda uleule, uwanja uleule, kila kimoja na duara lake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Basi. Hamna majaji wa kukaa na karatasi. Watu wakianza kuchoka na wewe unawaona kwa macho yako wanahamia kwa mwenzio, na hapo ndo unaona mtu anatoa chatu, anarusha jembe juu analidaka, kiongozi wa nyimbo, ambaye wazee wanamuita ningi, anatunga palepale mstari wa kuwasema majirani ili umati urudi. Mi nilipelekwa mara moja kufunga spika za mgeni rasmi, ngoma zenyewe hazikuwa na shida na fundi.

Alafu angalia kalenda. Baada ya mavuno, kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa hivi, ndo msimu, watu wana chakula na hela, harusi nyingi. Ukienda kutafuta mwezi wa kumi na mbili watu wapo shambani utarudi unasema Mwanza hamna kitu.

Haya, twende kwa vijana wa Bongo Fleva, hiphop na hao wanaojaribu singeli, mana nao wapo kibao. Huku usimtafute msanii, mtafute prodyuza. Msanii andagraundi leo ana jina hili kesho kabadilisha, simu imeibiwa, kaunti ya Instagram imepotea, ila prodyuza anakaa na kompyuta yake palepale. Ukisikia wimbo wa mtu wa Mwanza umekugusa sikiliza mwanzoni kuna kasauti kanataja studio au prodyuza, hako ndo ka kufuata. Nyakato, Igoma, Mabatini, Nyegezi, hizi studio za chumbani zipo, ukutani wamegongelea magodoro na trei za mayai, dirisha limezibwa na blanketi. Wakati wa kurekodi feni inazimwa mana inaingia kwenye maiki, kwaiyo mnakaa watu sita mnachuruzika jasho kimya, mmoja anarudia mstari uleule mara ishirini, na umeme ukikatika hapo kila mtu anamwangalia prodyuza usoni kama alisevu. Mwombe akuchezee zile ambazo hazijatoka. Kwenye diski za hao watu kuna nyimbo nzuri zimelala kwa sababu tu mwenye wimbo hakumalizia hela ya miksi, na wengine nawajua sasa hivi wanauza vocha.

Na hapa nakujibu lile la mwanamke peke yako. Studio nenda mchana, mara ya kwanza nenda na mwenzio, mlango ukifungwa kwa sababu ya kelele ni sawa ila ukifungwa kwa funguo ondoka. Kuna wanaojiita maprodyuza na muziki wenyewe hawana shida nao, siwezi kukuficha. Usiku wa baa mi kwa kweli sikushauri uanzie huko, na sio kwa ajili ya usalama peke yake, ni kwamba baa zetu nyingi kweli ni dijei tu. Mabendi ya hotelini yapo, yanapiga kopi za watu mpaka inachosha, ila ukivumilia mpaka seti ya mwisho wageni wameshapungua utawasikia wanachomeka wimbo wao mmoja, na mpiga solo ukimpa soda anakueleza kila kitu. Mkiwa watatu wanne na bodaboda mnayemjua hamna shida, peke yako subiri mpaka uzoee mji.

Kuna kete umeishika na hujui. We ni mwalimu. Chuo cha Ualimu Butimba, hapahapa Mwanza, kimefundisha walimu wa sanaa na muziki toka zamani, na wengi waliopita pale wametapakaa kwenye shule za huku, mchana wanafundisha, jioni wanapiga kinanda kwaya fulani, Jumamosi wapo kwenye harusi. Uliza ofisini kwenu nani kapita Butimba. Ukimpata mmoja umepata wote mana wale wanajuana kama ukoo. SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, nako kuna wanafunzi wanaoandika nyimbo, na chuo kina redio yake, ila hao wakimaliza mwaka wa tatu wanatawanyika kwaiyo uwahi.

Kwaya usizidharau hata kama we sio wa kanisani. Makongoro Vijana ya kanisa la AIC ni jina kubwa la kitambo huku na wengi waliosimama kwenye kwaya za namna ile ndo haohao unaowakuta studio wanapiga gitaa la Bongo Fleva kwa jina lingine ili mchungaji asijue. Siku za mazoezi jioni kaa nje ya kanisa lolote kubwa usikilize mpiga besi. Mi mafundi wangu wa kuaminika wa besi nimewapata nje ya madirisha ya makanisa, wote.

Mtandaoni sasa, kwa ufupi tu. Audiomack, Boomplay na YouTube ndo wanakoweka zaidi, Spotify iliingia kwetu 2021 lakini andagraundi wa huku wengi bado hawaioni kama ni ya kwao. Ukiandika "Mwanza" utaletewa historia ya jiji na hoteli, mana mtu akipandisha wimbo haandiki ametoka wapi. Andika "nyimbo za Kisukuma" alafu panga kwa tarehe, mpya juu, ukiacha zipangwe kwa watazamaji utaishia kwa walewale wakubwa kila siku. Na tahajia ijaribu zote, mtu mmoja anaandikwa Ng'wana, kwingine Ngwana, kwingine Mwana, kwenye Bhu wengine wanaweka Bu, unaweza ukadhani ni wasanii watatu kumbe mmoja. Soma na komenti, watu wa vijijini wanaandika pale "huyu alikuja kwetu harusi ya kaka", tayari umeshajua anapiga wapi. Redio zetu, RFA, Jembe na hao wengine, sikiliza, ila Mlango Mmoja wanakuwa wameshaujua wimbo kabla.

Kusapoti ni rahisi. Piga ile namba, sema jina lako, sema wimbo gani umeupenda, tuma chochote kwa simu, elfu mbili haikatai mtu. Usiombe "nirushie bure", na usirekodi kabla hujaomba. Hili nalisema kwa sababu liliniumbua mwenyewe. Miaka ya nyuma nilirekodi kijana mmoja mazoezini, kiitikio kitamu balaa, nikaweka stetasi kwa nia njema kabisa, nia ilikuwa watu wamjue. Mwezi haukupita kile kiitikio kikatoka kwa mtu mwingine, maneno yamegeuzwa kidogo, na yule kijana alikuwa hajasajili wala hajarekodi popote, ushahidi pekee ni ile klipu yangu iliyoshafutika baada ya masaa 24. Hakunigombeza. Aliacha tu kupokea simu zangu, na mpaka leo nikimuona Kirumba navuka barabara.

Basi, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali nenda kibandani na kadi yenye nafasi, sema folda la Kisukuma aanze na zilizoingia wiki hii, na lipia bila kupunguziwa bei. Ukishapata mtu wako piga simu uulize anaimba wapi wikiendi ijayo, wenye sherehe hawafukuzi mgeni, ukisema we mwalimu utawekewa kiti cha mbele. Ila beba noti ndogondogo. Mwimbaji atamuuliza mtu jina lako, na ukishatajwa hutakaa tena.